Barua ya wazi: Mbwa ni wa Mifugo, jeraha ni la Afya, mtoto ni wa nani?

Kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Waziri wa Afya, na Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Nakala kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma, Mkurugenzi wa Jiji, na wakurugenzi watendaji wa halmashauri za Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa.

Waheshimiwa, mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Nkuhungu hapa jijini. Nafuga kuku wa kienyeji, mbuzi wanne, paka mmoja na mbwa wawili. Nimewaandikia ninyi watatu kwenye karatasi moja kwa makusudi. Kwa jambo hili la kichaa cha mbwa, kila mlango niliobisha nilielekezwa mlango wa jirani, kwa adabu kabisa na wakati mwingine kwa kiti na maji ya kunywa. Nimechoka kuzunguka, kwa hiyo leo nimewaita wote barazani.

Nianze na lililonipata.

Mwaka juzi, Jumapili moja ya mwezi wa kumi, dada yangu alinipigia kutoka kijijini, wilaya ya Chamwino. Mwanawe wa miaka minane alikuwa machungani na mbuzi, mbwa amemng'ata kwenye shavu la mguu. Mbwa mwenyewe alikuwa akijulikana na kijiji kizima. Ni Simba wa mzee wa jirani, analala mlangoni, watoto humkanyaga mkia wala hashtuki. Siku hiyo alitokea na taya limening'inia, ute unamtoka kama uzi, akang'ata mbuzi watatu na mtoto, kisha akashika njia akaenda moja kwa moja bila kugeuka, kama aliyetumwa. Vijana walimfuata kwa rungu, wakammaliza, wakamtupa korongoni.

Nilimwambia dada: sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Akaniuliza, "Kaka, maji yapi? Limebaki dumu moja la kupikia." Anayeijua Dodoma ya mwezi wa kumi anajua swali hilo lina uzito gani. Nikamwambia amwage lote. Bibi wa nyumba ya pili alikwishafika na ugoro wake wa kupaka kidondani, nikawa namsikia kwenye simu akibishana. Binti mdogo akamimina kwa kopo, dada akasugua kwa kipande cha sabuni ya mche, mtoto analia, mimi huku nahesabu dakika kwa saa ya ukutani. Tulifika dakika ya kumi na moja salio likakatika. Alipoweza kunipigia tena aliniambia dumu lilikuwa limekwisha.

Baada ya hapo ikaanza safari. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo. Kituo cha afya hakikuwa na chanjo. Bodaboda hadi barabara kuu, basi hadi mjini, jioni tukawa hospitali moja ambako muuguzi mwenye huruma alituandikia karatasi tukanunue dukani nje, kisha turudi tuchomewe. Dozi moja ilikuwa elfu thelathini, na dozi zilikuwa tano: siku ile ya kwanza, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na nane. Kila mara nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Kidonda kilikuwa kirefu, na kwa kidonda cha namna ile kuna sindano nyingine ya kingamwili ya kuchomwa palepale kwenye jeraha. Hiyo hata haikutajwa. Nilikuja kuisoma mwenyewe baadaye, usiku, na usingizi ukaniruka.

Mbuzi watatu walioumwa tuliwazika. Majirani walitaka wachinjwe wagawane, ikabidi mwenyekiti wa kitongoji asimame juu ya shimo mpaka likafukiwa. Mbuzi wawili wengine tuliuza kulipia dozi. Kwa familia ya Chamwino, mbuzi watano ndio ada, ndio daftari, ndio chakula cha mwezi wa pili ghala likiwa tupu. Vyote vilikwenda kwa sababu mbwa mmoja anayejulikana kwa jina hakuchanjwa.

Mtoto yupo, mzima, yuko darasa la nne. Lakini nilivyosikia neno "ute" kwenye simu niliogopa kuliko dada yangu, kwa sababu mimi nilishawahi kuona. Katika miaka yangu ya mwanzo ya ualimu nilikuwa na mwanafunzi, kijana mchangamfu, aliyeanza kulalamika kwamba mkono unamwasha mahali palipokuwa na kovu dogo. Siku mbili baadaye alikuwa darasani, kiu imemshika, akaletewa maji kwenye kikombe cha bati. Aliyashika, akayasogeza, koo likamkaza mbele ya macho yetu, kikombe kikaruka. Upepo ulipoingia dirishani alijikunja kama amepigwa. Nyumbani walisema amelogwa wakampeleka kwa mganga, nami sikuwa na la kuwaambia kwa kuwa sikujua. Hakumaliza wiki. Kovu lilikuwa la mbwa, la miezi miwili nyuma, na lilikwishasahaulika.

Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Virusi vinaingia kwa mate, vinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, na katika muda huo wote mgonjwa anaweza kuokolewa. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa nchi yetu makadirio ya watafiti yamekuwa yakitajwa kuwa karibu 1,500 kwa mwaka. Nasema makadirio kwa sababu wengi hufia nyumbani au kwa mganga, kama mwanafunzi wangu, na kwenye daftari la zahanati hawaonekani.

Sasa niwaambie kilichonishangaza nilipoanza kusoma. Nilidhani nitakuta ugonjwa mkali usiozuilika. Nimekuta ugonjwa unaoua bila huruma lakini usiojua kusambaa. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa nyumba kwa nyumba katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro walikuta mbwa mmoja mgonjwa, kwa wastani, huambukiza mbwa kati ya mmoja na wawili. Linganisheni na surua, ambayo mtu mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 pasipo na kinga. Surua tunaipiga kwa kampeni kubwa, na vifaranga tunawachanja mdondo, halafu ugonjwa unaojikongoja namna hii tunauacha utuulie watoto! Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, mnyororo unakatika. Saba tu. Hata wale wanaomkimbia mchanjaji wamehesabiwa humo.

Wala hatuhitaji kupanda ndege kwenda kujifunza. Pemba walichanja mbwa shehia kwa shehia kuanzia mwaka 2010, na kufikia 2014 kisiwa kilikuwa kimetulia. Mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena, chanjo zikaanza upya, na katika miaka kama miwili ukaondoka tena. Wenzetu wa mikoa ya kusini-mashariki walikuwa pamoja na Pemba kwenye mradi mmoja uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Sisi wa kati hatukuwemo. Sina kinyongo. Ila naomba tulitazame funzo la Pemba kwa pande zake zote mbili: ukichanja ugonjwa unaisha, ukilala unarudi. Mbwa wa vijijini haishi sana, huyu kafa, yule kazaa saba, na mwaka ukigeuka nusu ya waliokuwa na kinga hawapo. Ndiyo maana chanjo ya mwaka mmoja yenye picha na hotuba haina faida kubwa kuliko chanjo ya miaka mitatu mfululizo isiyo na mgeni rasmi.

Hapa ndipo nawarudia ninyi watatu.

Mbwa ni mnyama, kwa hiyo ni wa Mifugo. Lakini ukiwa Mifugo, mbwa hana maziwa, hana nyama, hana ngozi ya kuuza, hapeleki mapato mnadani. Ng'ombe akiugua homa ya mapafu uchumi unatikisika, mbwa akiugua hatikisiki mtu mpaka ang'ate. Akishang'ata, mgonjwa ni wa Afya, na Afya inanunua chanjo ya watu ya bei kubwa kupambana na tatizo lililozaliwa kwenye idara isiyo yake. Na kijiji, mtaa, afisa mifugo wa kata, zahanati na gari la kuwabeba wote hao viko TAMISEMI, ambako bajeti ya chanjo ya mbwa inashindana na dawati, choo cha shule na tundu la barabara. Kila mmoja ana hoja yake na kila hoja ni ya kweli. Matokeo yake ugonjwa umekuwa mtoto wa kambo wa nyumba tatu, anakula kwa bahati.

Mwezi Juni 2025 pale Bariadi ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo yenye ruzuku ya serikali. Nimenufaika nayo kwa kuku na nashukuru. Orodha iliyotangazwa ilikuwa ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Nilikaa na jirani yangu tukicheka, ingawa si jambo la kuchekesha, kwamba kwenye boma langu jogoo ana kinga ya serikali na mlinzi wa jogoo hana. Mchanjaji alikuwa tayari uani kwangu. Alikuwa na bomba la sindano, ana kisanduku cha baridi, ana daftari, mbwa wangu wamelala hatua nne kutoka aliposimama. Alichanja kuku akaondoka. Gharama ya kumfikisha pale ilikwisha kulipwa, na wote tunajua kwamba kwenye kazi hii gharama iko kwenye mafuta ya pikipiki na posho kuliko kwenye dawa. Dozi ya mbwa ikinunuliwa kwa wingi haifiki dola moja. Mpwa wangu alitumia elfu thelathini mara tano, bila nauli.

Niwapeleke sasa kwenye zoezi la chanjo nililolishuhudia mwaka jana, kata ya jirani, maana mipango yetu huwa mizuri kwenye jedwali na huvunjika mlangoni.

Tangazo lilikuja saa tatu usiku kwenye kundi la simu la mtaa: kesho Jumanne, ofisi ya kata, saa tatu asubuhi hadi saa nane, elfu mbili kwa kila mbwa au paka. Mbwa wangu mmoja anafuata kamba, mwingine hajawahi kufungwa maishani mwake. Bodaboda wa kwanza aliponiona na mbwa aligeuza bila hata kuaga. Tukatembea kama kilomita nne, paka nimempa mjukuu amembeba kwenye mfuko wa salfeti tuliotoboa matundu ya hewa, na njia nzima mfuko unanguruma.

Ofisini tulikuta foleni ya watoto. Kumbukeni ilikuwa Jumanne, siku ya shule. Lakini mbwa wa nyumba zetu ni wa watoto. Baba ndiye mwenye mbwa kwa jina, ila anayeweza kumshika masikio akatulia ni mtoto wa miaka kumi. Basi waliokuja shule waliiacha, na walioogopa fimbo ya mwalimu hawakuja, wala mbwa wao hawakuja. Mchanjaji alikuwa mmoja, dada mwenye mkono mwepesi ajabu. Anapapasa shingo, anainua ngozi, anachoma, mbwa hajajua kilichotokea. Pembeni mgambo anaandika kadi. Mbwa wawili wakashikana, foleni ikavunjika, ikaungwa, ikavunjika tena.

Mbele yangu alisimama mtoto amembeba mbwa mdogo ndani ya sweta la shule, vichwa viwili vinachungulia kola moja. Mkononi ana sarafu ya mia tano. Aliambiwa mambo mawili: hela haitoshi, na mbwa bado mdogo, amrudishe akifikisha miezi mitatu. Hela ningemwongezea. Lile la pili ndilo lililonikera nilipokwenda kusoma, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwenye kampeni wachanjwe mbwa wote wanaofika, wadogo kwa wakubwa, hata walio chini ya miezi mitatu. Vijijini kwetu watoto wa mbwa ni wengi sana kati ya mbwa wote, na ndio wanaokaa mikononi mwa watoto wa watu. Tukiwarudisha hao, saba katika kumi hatuwafikii kamwe.

Saa sita dozi zikaisha. Nilihesabu mbwa zaidi ya thelathini waliogeuzwa njiani na kamba zao. Dada yule wa chanjo aliomba radhi kama vile yeye ndiye aliyeandika bajeti. Simlaumu hata chembe.

Najua hoja ya baridi itakuja, kwamba vijiji havina friji na chanjo huharibika. Kuna chanjo ya mbwa iliyopimwa na watafiti waliofanya kazi hapa nchini, ikabaki na nguvu yake hata ilipokaa kwenye nyuzi 25 kwa miezi sita, au nyuzi 30 kwa miezi mitatu. Mkoani Mara wakaenda mbali zaidi, wakaitunza vijijini kwenye chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji. Chungu, waheshimiwa! Bibi zetu wa Kigogo wamepoza maji kwenye mtungi kabla umeme haujafika Dodoma. Chanjo iliyowekwa kwenye chungu cha kijiji anaweza kuitoa afisa mifugo au mtu aliyefundishwa palepale, Jumamosi hii mbwa kumi, Jumamosi ijayo wale waliozaliwa juzi. Haihitaji msafara.

Na wataalamu tunao. Mkoa huu ndiko huduma ya mifugo ya nchi hii ilikoota mizizi. Maabara ya mifugo ya Mpwapwa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1905, na mpaka leo Mpwapwa kuna utafiti na kuna chuo cha mafunzo ya mifugo. Vijana wa chuo wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi kwa vitendo. Wapeni pikipiki kumi na chanjo elfu kadhaa muone.

Niseme neno kuhusu bunduki na sumu, kwa sababu kila baada ya tukio ndilo wazo la kwanza, hata hapa mtaani kwetu mkutano mzima ulipiga makofi. Nawaelewa waliopiga. Lakini nyama yenye sumu haiulizi kadi. Inaua mbwa aliyechanjwa na asiyechanjwa, na nafasi ya aliyekufa inajazwa ndani ya miezi michache na mbwa wapya wasio na kinga kabisa. Tena watu hununua mbwa mwingine kutoka kijiji cha mbali, na hapo ndipo ugonjwa unapata usafiri. Mbwa mwenye kinga akizurura mtaani ni ukuta unaotembea. Kumuua ni kubomoa ukuta uliokwisha kuugharamia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 tunayo, pamoja na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Zisomwe kabla ya risasi.

Kuna mbwa mwingine ambaye Dodoma yetu mpya imemzaa na sijaona akitajwa popote. Serikali ilipohamia huku viwanja vilianza kujengwa kila upande, Nala, Mkonze, Nzuguni, Iyumbu, Mtumba. Kila nyumba inayojengwa ina mlinzi, kila mlinzi anafuga mbwa mmoja au wawili wa kumsaidia usiku. Nyumba ikiisha mlinzi anahamia kiwanja kingine, mwenye nyumba anahamia na mbwa wake wa kununua, na mbwa wa ujenzi anabaki nje ya geti na watoto wake sita. Hana mwenyewe wa kumpeleka ofisi ya kata na elfu mbili. Usiku utawasikia. Jumamosi utawaona mnada wa Msalato wakisubiri mifupa chini ya meza za nyama choma, katikati ya watu mia kadhaa na watoto wao, na jioni kila mmoja anarudi alikotoka. Kama ningekuwa mchanjaji, ningeanza nao hao.

Ninachoomba ni kidogo na naamini kinafanyika kabla mvua ya Desemba haijaanza.

Chanjo ya mbwa na paka iwe bure. Si nusu bei, bure kabisa, kila halmashauri ya mkoa huu ikiwa na kifungu chake kwenye bajeti kwa miaka mitatu mfululizo, na wizara ikinunua kwa pamoja ili bei ishuke. Elfu mbili kwa mtu wa Jiji ni soda mbili, kwa mzee mwenye mbwa watatu kijijini ni chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Atawaacha mbwa wake nyumbani, na hana kosa. Kinga ya mbwa wake inamlinda mtoto wa jirani kuliko inavyomlinda yeye. Kwa nini alipe peke yake?

Siku iwe Jumamosi, mwezi wa tisa. Tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha siku ya kichaa cha mbwa, na kwetu mwezi huo unafaa kuliko mingine yote: mavuno yameshaingia, njia zimekauka, shamba halijaanza, watoto hawapo darasani Jumamosi. Kituo kiwe kitongojini, chini ya mti unaojulikana, sio ofisi ya kata. Gari la matangazo lipite siku tatu kabla, shuleni walimu watangaze mstarini, misikitini na makanisani pia. Nawaambia kama mwalimu, mtoto akiambiwa mstarini "Jumamosi leteni mbwa," atakuja hata na wa jirani.

Kwa upande wa Afya, chanjo ya watu ifike vituo vya afya na isimamiwe isiishe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu wa kuchoma kiasi kidogo ndani ya ngozi, sehemu mbili kila mara, siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, basi. Chupa moja inagawanywa kwa wagonjwa kadhaa, na mgonjwa anarudi mara mbili badala ya nne. Wauguzi wafundishwe. Kwa dada yangu hizo zingekuwa nauli mbili zilizookolewa na mbuzi mmoja hai.

La mwisho halina gharama kubwa zaidi ya muda wa maongezi. Muuguzi akipokea mtu aliyeng'atwa, ampigie afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Afisa aende akamwone mbwa. Akiwa bado hai, afungwe siku kumi, apewe chakula na maji, atazamwe. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate alipong'ata hatavuka siku kumi akiwa mzima, kwa hiyo akivuka, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki na familia ikapumua. Akifa, sampuli ichukuliwe ipelekwe maabara, na kijiji kile kichanjwe wiki hiyo. Mbwa aliyemng'ata mpwa wangu alitupwa korongoni na hakuna mtaalamu aliyekuja kuuliza habari zake. Mbuzi walioumwa tuliwazika kwa akili zetu. Kama kulikuwa na mbwa wengine aliowapitia njiani baada ya hapo, na lazima walikuwepo, hakuna aliyewatafuta.

Dawati la kuwaunganisha ninyi watatu lipo tayari. Liko Ofisi ya Waziri Mkuu, linaitwa Afya Moja, la kushughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, na kichaa cha mbwa kilishaandikwa miongoni mwa magonjwa ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama. Toka Mtumba, ziliko ofisi zenu, hadi kijiji cha dada yangu ni mwendo wa asubuhi moja. Mkiamua kwenda kutazama nitawasindikiza, na mzee mwenye Simba atawapokea vizuri, ni mtu wa watu.

Amepata mbwa mwingine. Amempa jina lilelile, Simba, ana miezi mitano sasa, amefungwa kwa kamba ya katani mlangoni, na mpaka naandika barua hii hajachanjwa. Anayempelekea makombo kila jioni ni mpwa wangu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma